Nimetoka tumboni mwake, mbona mwili wake unaikataa figo yangu?

Swali

Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 54. Figo zake zilishindwa kwa sababu ya presha na huu ni mwaka wa pili anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Tumezaliwa watatu, na nyumba nzima ni kundi O, baba na mama wakiwemo. Dada mkubwa ni mjamzito. Mimi ni wa pili, nina miaka 27, nikajitolea figo. Kipimo cha tishu kikaonyesha tunalingana 3 kwa 6, tukafurahi. Halafu kipimo cha mwisho, cha kuchanganya damu, kikatoka chanya, tukaambiwa haiwezekani. Baba naye alikataliwa hivyo hivyo. Mama mdogo, ambaye ni baba mmoja mama mmoja na mama, anaonyesha 0 kwa 6, lakini kipimo chake cha kuchanganya ni hasi na wanasema yeye anaweza. Inakuwaje mimi niliyetoka tumboni mwake nikataliwe, na asiyelingana hata kimoja akubaliwe? Ndugu wameanza kunong'ona kwamba labda mimi si mtoto wake. Wengine wanataka turudie vipimo India, wengine wanasema kuna mtu wa kutuuzia figo. Mdogo wetu wa kiume, miaka 23, hajapimwa. Tunaona naye atakataliwa tu. Na wiki ijayo mama anatakiwa aongezewe damu, imeshuka hadi 7.8. Tusaidie.

Jibu

Marahaba, mwanangu, na poleni sana. Miaka miwili ya mashine inamchosha mgonjwa na inaichosha nyumba nzima.

Nianze na la wiki ijayo, maana hilo halisubiri. Kabla mama hajaongezewa damu, nenda kamwone daktari wake wa figo umuulize kama damu inaweza kupandishwa kwa sindano za erithropoietini pamoja na madini ya chuma ya kuingiza mshipani. Figo zikiwa nzima huitengeneza homoni hiyo zenyewe. Zikishindwa, damu hushuka, na sindano ndiyo hufidia. Mwambie wazi kwamba mama anatafutiwa figo na kwamba kipimo cha kuchanganya kimeshatoka chanya kwa watu wawili. Kama mama anahema kwa shida, anaumwa kifua au anatokwa na damu, aongezewe, wala msibishane na mtu: uhai kwanza. Lakini kama anatembea, anakula, na kilichoshuka ni namba tu, mnayo haki ya kuuliza. Na ikibidi kuongezewa, ombeni damu iliyochujwa chembe nyeupe ikiwa hospitali inayo. Sababu utaiona hapa chini, na inafanana sana na ile iliyokufanya wewe ukataliwe.

Sasa swali lenyewe. Kinachowavuruga ni neno moja, "kulingana", ambalo sisi wa hospitali tunalitumia ovyo kwa mambo mawili tofauti. Kuna kulingana kwa alama za tishu, hiyo 3 kwa 6 na 0 kwa 6. Na kuna swali jingine kabisa: je, ndani ya damu ya mama, leo hii, tayari kuna silaha iliyotengenezwa dhidi ya figo ya mtu huyu? Jambo la kwanza naliita mlingano, la pili mgongano. Mnaweza kulingana nusu nzima na bado mkagongana. Mnaweza msilingane hata alama moja na msigongane. Figo isiyolingana hutunzwa kwa dawa, na wako wengi wanaoishi nayo miaka na miaka. Figo inayogongana na kingamwili kali, yaani hiyo silaha ya kinga iliyomo kwenye damu, inaweza kugeuka rangi na kufa pale pale kwenye meza ya upasuaji, daktari akiiangalia.

Tuanze na mlingano. Karibu kila seli ya mwili imebeba juu yake protini ziitwazo HLA. Zichukulie kama chale za ukoo: mfumo wa kinga ukizipapasa, unajua huyu ni wa nyumbani au ni mgeni. Maelekezo ya kuzitengeneza yamo kwenye kromosomu ya 6, na aina zilizokwisha kusajiliwa duniani zimepita 30,000, ndiyo maana ni nadra sana watu wawili wasio ndugu kufanana zote. Kwenye figo tumezoea kuhesabu makundi matatu, A, B na DR, na kila mtu ana alama mbili katika kila kundi, moja ya baba na moja ya mama. Mbili mara tatu, sita. Ndiyo hiyo sita ya kwenye karatasi yako.

Alama hizi hazirithiwi moja moja kama shanga zilizokatika uzi. Kwa kawaida hushuka kwa fungu zima. Mama yako ana mafungu mawili. Wewe alikupa moja. Baba naye ana mawili, akakupa moja. Kwa hiyo katika alama zako sita, tatu ni za mama, na 3 kwa 6 ndiyo namba tunayoitarajia kati ya mama na mtoto aliyemzaa mwenyewe. Inaweza kuzidi hapo ikiwa mume na mke wana alama zinazofanana, jambo lisilo ajabu kwa familia ambazo mabinamu huoana, kama ilivyo sehemu nyingi za Pwani. Basi hao wanaonong'ona waambie kwamba karatasi hiyo haina hata chembe ya kumtilia mtu shaka. Inasema kile hasa ambacho karatasi ya mama na mwanawe husema.

Mama mdogo naye asije akaanza kunong'onwa. Kwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ni bahati tu: wazazi wana mafungu mawili mawili, kwa hiyo kuna michanganyiko minne. Mara moja katika nne ndugu wawili hupata mafungu yale yale yote, wakalingana 6 kwa 6. Mara mbili katika nne hushirikiana fungu moja. Na mara moja katika nne kila mmoja huchukua mafungu ambayo mwenzake hakuchukua, na namba hushuka hadi sifuri. Mama na mdogo wake wameangukia robo hiyo ya mwisho. Ni ndugu wa damu vile vile. Kwa waliochangia baba tu au mama tu, nafasi ya kushirikiana fungu moja ni nusu kwa nusu, na kulingana yote sita hakutarajiwi.

Hapa niseme jambo ambalo nalionea uchungu kila ninapoliona. Karatasi za HLA si za kusomwa sebuleni. Zinaweza kufichua siri ya mtu ambayo haihusiani kabisa na figo, na zinaweza, kama kwenu, kuzua siri ambayo haipo, kwa sababu wasomaji hawajui kuzisoma. Familia inahitaji kuambiwa jambo moja tu: huyu anafaa au hafai. Namba zibaki kwa madaktari na kwa mwenyewe aliyepimwa.

Kulingana kikamilifu kupo, lakini ni kwa nadra. Tarehe 23 Desemba 1954, katika hospitali ya Peter Bent Brigham mjini Boston, Marekani, Joseph Murray na wenzake walipandikiza figo ya kwanza iliyofanikiwa kwa muda mrefu. Mtoaji alikuwa Ronald Herrick, mpokeaji pacha wake Richard. Siku hizo hakukuwa na kipimo cha HLA, kwa hiyo walibandika kipande cha ngozi ya mmoja kwenye mwili wa mwenzake na kusubiri. Ngozi ilishika. Wakajua ni pacha wa kufanana, na kwamba kinga ya Richard isingeona ugeni wowote. Hapakuhitajika dawa ya kuzuia figo kukataliwa. Sisi wengine wote, hata ndugu wa 6 kwa 6, tunahitaji dawa.

Sasa njoo kwenye mgongano, maana ndiko ulikokwama.

Nilipokuwa nasomea kazi hii niliketishwa mbele ya hadubini nikaonyeshwa kipimo cha kuchanganya, ambacho maabara wengi wanakiita krosimachi. Ni kisahani cha plastiki chenye vijishimo vidogo mno, na kila kijishimo kimefunikwa kwa mafuta ili tone lililomo lisikauke. Ndani ya tone mmewekwa majimaji ya damu ya mpokeaji na chembe nyeupe za mtoaji. Vikishakaa pamoja, huongezwa komplementi, kundi la protini za damu zinazotoboa seli, ambazo mara nyingi huchukuliwa kwa sungura. Mwisho hutiwa rangi. Chembe hai hung'aa kijani. Iliyokufa hugeuka nyekundu ya machungwa. Kijishimo cha kwanza nilichoona kilikuwa kijani kitupu, kama shamba la mpunga lenye maji. Mwalimu akasogeza kisahani, na kijishimo kilichofuata kilikuwa chekundu chote, hakuna hata chembe moja iliyosalimika. Akaniambia, "Hicho ndicho kingetokea kwenye figo."

Hilo ndilo jibu la chanya. Kingamwili zilizokuwemo kwenye damu ya mama zilizitambua chembe zako, zikazikamata, komplementi ikazimaliza. Mishipa ya figo imebeba alama zile zile. Mwaka 1969 Ramanbhai Patel na Paul Terasaki, huko Los Angeles, walichapisha hesabu iliyofanya hospitali zianze kuogopa jibu hili: katika wagonjwa 30 waliopandikizwa ilhali krosimachi yao ilikuwa chanya, figo 24 zilikufa papo hapo. Katika 195 ambao yao ilikuwa hasi, zilizokufa hivyo zilikuwa 8. Tangu hapo hakuna daktari wa figo mwenye akili timamu anayepanga upasuaji kabla ya kipimo hiki. Daktari aliyekukatalia alimwokoa mama, na alikuokoa wewe usitoe figo ikaishia kwenye ndoo.

Na tuelewane kidogo hapa, maana nimeona watu wakichanganya: hii chanya haihusiani na O chanya au O hasi ya kwenye kadi ya damu. Ile ni Rhesus, na kwenye kupandikiza figo Rhesus haituzuii. Kundi lenyewe ndilo linalotazamwa: mtu wa O kwa kawaida hupokea figo ya O tu, ingawa yeye anaweza kuwapa wote.

Silaha hiyo mama aliipata wapi? Mtu hazaliwi na kingamwili za kupinga HLA za wengine. Huzitengeneza baada ya kukutana nazo, na njia kuu ni tatu: kuongezewa damu, kupandikizwa kiungo, na kubeba mimba.

Ulipokuwa tumboni, nusu yako ilikuwa ya baba. Kwa kinga ya mama, zile alama tatu za baba zilikuwa ngeni. Kondo la nyuma linazuia mengi lakini halizuii yote: chembe za mtoto huvuka kuingia kwenye damu ya mama, hasa siku ya kujifungua. Kinga huziona, huzikariri, na kwa baadhi ya wanawake hutengeneza kingamwili dhidi yake. Kwa kawaida mtoto hadhuriki na mama hahisi lolote. Miaka inapita, mtoto anakua, anafika miaka 27, analeta figo kwa mapenzi yote, na kinga ya mama inakumbuka.

Ndiyo maana nasema maneno ya ndugu zako yamekwenda kinyume kabisa. Yawezekana sana kwamba umekataliwa kwa sababu ulishakaa ndani yake. Mtoto kumpa mama, na mume kumpa mke aliyemzalia, ndizo safari mbili za figo tunazozikagua kwa jicho kali zaidi, na kwenu zote mbili zimegonga mwamba. Sishangai baba kukataliwa. Yeye ndiye mwenye alama zenyewe.

Mwaka 1958 Jon van Rood, huko Leiden, Uholanzi, na Rose Payne, huko Stanford, Marekani, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba damu ya wanawake waliopata mimba ina kingamwili dhidi ya chembe nyeupe za watu wengine. Kwa miongo kadhaa baada ya hapo maabara za dunia zilipima HLA kwa kutumia majimaji ya damu ya akina mama waliozaa. Damu ya mama huyu inaua chembe zenye alama fulani, ya yule inaua zenye alama nyingine. Ukiwa na mkusanyiko wa kutosha unaweza kusoma alama za mtu yeyote. Kile kilichomzuia mama yako kupokea figo yako ndicho kilichotufundisha sisi kusoma.

Sasa umeelewa kwa nini nimeanza na damu ya wiki ijayo. Damu ya kuongezewa huja na chembe za mtu asiyejulikana, mwenye alama zake. Kwa mwanamke ambaye kinga yake imeshaamshwa na mimba tatu, chupa moja inaweza kuamsha kingamwili mpya au kuzipandisha zilizolala. Leo krosimachi na mama mdogo ni hasi. Baada ya chupa mbili za damu, haina uhakika wa kubaki hasi. Akiongezewa kwa lazima, maabara waambiwe, na sampuli mpya ichukuliwe wiki mbili hadi nne baadaye.

Mdogo wenu wa kiume apimwe. Najua mmeshakata tamaa, lakini fuata hesabu hii. Baba ana mafungu mawili. Tuyaite la kulia na la kushoto. Wewe ulichukua moja, tuseme la kulia. Kingamwili za mama zilizoua chembe zako huenda zinalipinga la kulia tu. Baba anayo yote mawili, kwa hiyo hata kama tatizo liko upande mmoja, lazima akataliwe. Lakini mdogo wako ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa alichukua la kushoto. Akiwa amelichukua, na kama mama hana silaha dhidi ya la kushoto, krosimachi yake itatoka hasi, naye atakuwa analingana na mama 3 kwa 6, sawasawa na wewe. Huenda pia mama ana kingamwili dhidi ya yote mawili, basi hapo atakataliwa. Lakini kumwacha bila kupima kwa sababu wewe umekataliwa ni kuitupa nafasi mliyonayo mkononi. Dada mkubwa hawezi kutoa figo akiwa mjamzito. Hesabu hii inamhusu naye baada ya kujifungua na kupona.

Kuna kipimo kinachoweza kulijibu hili bila kubahatisha. Kinatumia vishanga vidogo sana, kila kimoja kimepakwa alama moja tu ya HLA. Majimaji ya damu ya mama yakipitishwa hapo, maabara inaona kingamwili zake zimeshika vishanga vipi, na kwa nguvu gani. Ombeni kifanyike. Kitawaambia adui ni alama ipi, kisha mnatazama nani katika familia hana alama hiyo.

Ulizeni pia mambo mawili kuhusu chanya yako. Je, chembe za mama mwenyewe zilichanganywa na majimaji yake mwenyewe? Kuna watu, wenye lupasi kwa mfano, ambao damu yao hushambulia hata chembe zao, na kipimo hutoka chanya bila kuwa na ubaya kwa figo ya mgeni. Na je, chanya hiyo ilikuwa kwa chembe nyeupe za aina ya T au za aina ya B peke yake? Ya T ndiyo ya kuogopwa zaidi. Ya B peke yake huhitaji kufafanuliwa na vile vishanga. Ikiwa haya yameshaangaliwa na jibu ni lile lile, likubalini.

Hapa naingia kwenye suala la kurudia India. Kurudia kipimo kwa sababu kuna swali mahususi la kitaalamu ni sawa. Kuzunguka hospitali hadi mpate moja itakayosema hasi ni hatari, kwa sababu kingamwili hupanda na kushuka. Zinaweza kushuka hadi kipimo kisizione, na chembe za kumbukumbu zikabaki zimelala. Figo ikiingia, zinaamka baada ya siku chache. Kwa hiyo popote mtakapokwenda, bebeni majibu ya zamani, pamoja na lile la chanya. Na mama awaeleze madaktari, faraghani bila watoto wala mume, mimba zake zote, na zilizoharibika pia, na kila mara alipowahi kuongezewa damu. Kuna mama huificha mimba moja ya ujanani kwa aibu, na kinga yake haijaisahau. Kama mko Tanzania, kumbukeni pia kwamba kupandikiza figo si lazima kupanda ndege tena: Muhimbili walianza Novemba 2017, na hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018.

Kuhusu huyo mtu wa kuuza: mwambieni hapana, leo, na namba yake mwifute. Ni kosa la jinai, India kwenyewe tangu sheria yao ya mwaka 1994. Lakini hata mngeweka sheria kando, mama yako ni mgonjwa ambaye damu yake ina kingamwili, anayehitaji vipimo vya makini kuliko mgonjwa mwingine yeyote. Dalali hana maabara. Ana haraka. Na anayelala upande wa pili ni kijana wa watu anayekatwa kwa sababu ya njaa, na ambaye baadaye hakuna atakayemfuatilia presha yake.

Turudi kwa mama mdogo na sifuri yake, maana naona mnaiogopa. Mwaka 1995 Terasaki na wenzake walihesabu figo zilizotolewa na wanandoa, watu ambao alama zao kwa kawaida hazilingani. Baada ya miaka mitatu, figo 85 katika kila 100 za wanandoa zilikuwa bado zinafanya kazi. Za wazazi kwa watoto wao, ambao hulingana nusu, zilikuwa 82. Za waliofariki, 70. Kilichoziokoa za wanandoa ni kwamba zilitoka kwa mtu hai, mzima, zikahamishwa kwa saa chache bila kuchakaa. Mlingano mzuri bado una faida yake, hasa kwa miaka mingi ya mbele, na kama mdogo wenu atafaa kwa kila kitu, madaktari wataupima umri wake mdogo dhidi ya mlingano wake kabla ya kuamua. Lakini sifuri yenye krosimachi hasi ni figo nzuri. Nisingesita kuikubali kwa mama yangu mwenyewe.

Ila isiyolingana haisamehe uzembe wa dawa. Takrolimasi, dawa ya kuzuia figo kukataliwa, humezwa kila baada ya saa 12: kama ni saa 2 asubuhi, basi na saa 2 usiku, Ramadhani ikifika daktari aulizwe kabla. Akiruka ruka, kinga inapata mwanya wa kutengeneza kingamwili mpya dhidi ya figo ya mdogo wake, na hizo zikishakuja ni vigumu kuziondoa. Balungi asile, linapandisha dawa kwenye damu. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini huishusha sana, kwa hiyo daktari yeyote atakayemwona kwa kikohozi aambiwe kwanza kwamba ana figo ya kupandikizwa. Diklofenaki ya dukani, ile dawa ya maumivu, na mizizi ya kuchemsha, hapana. Kabla ya upasuaji kaeni kama familia mpige hesabu ya dawa za kila mwezi kwa miaka yote ijayo, na nani atalipa mwezi gani.

Mama mdogo mwenyewe ana haki ya kuchunguzwa kama mgonjwa wake peke yake: presha, sukari, protini kwenye mkojo, uwezo wa kila figo, picha ya mishipa. Dada yake ameugua figo kwa presha, kwa hiyo yake ipimwe mara nyingi, si mara moja tu. Mimba alizobeba yeye hazina neno, kwa sababu kinachoangaliwa ni kingamwili za anayepokea. Ronald Herrick aliishi na figo moja miaka 56 baada ya kumpa pacha wake, lakini alikuwa mzima alipotoa. Na aitwe peke yake, mlango ufungwe, aulizwe kama anataka kweli. Akisema hapana, jibu hilo libaki ndani ya chumba hicho.

Kama hatimaye wote hawatafaa, njia zipo bado. Kuna nchi ambako familia mbili hubadilishana: wewe unampa mgonjwa wa nyumba nyingine, mtu wa nyumba hiyo anampa mama yako. Korea Kusini walianza hivyo mwaka 1991. Kuna pia matibabu ya kuchuja kingamwili kwenye damu kabla ya upasuaji, lakini ni ghali, na figo inayopandikizwa baada yake hukabiliwa na misukosuko zaidi. Kwenu sioni haja ya kufika huko wakati mama mdogo yuko tayari na kijana wa miaka 23 hajatolewa hata tone moja la damu.

Mpeleke Jumatatu. Anywe chai kama kawaida. Kwa kipimo hiki hahitaji kufunga. Watachukua damu yake, watachukua na sampuli mpya ya damu ya mama kabla hajaunganishwa mashine siku hiyo. Nawe mwambie mapema, kabla hamjafika, kwamba nafasi yake haizidi nusu kwa nusu, ili jibu lolote likitoka asije akajiona ni yeye aliyemkosea mama.